Kikoa kimoja, swichi nyingi: Jinsi mitandao ya ofisi inavyogawana orodha ya VLAN

Itifaki ya VTP humwezesha fundi kuunda kitengo kipya cha mtandao katika swichi moja na kukiona kikienea jengo zima. Wepesi huo huo unaweza kufuta vitengo vyote kwa muda mfupi sana.

Katika benki, hospitali, vyuo vikuu na ofisi za serikali, kompyuta za idara mbalimbali mara nyingi huchomekwa kwenye swichi zilezile, ilhali hazipaswi kuonana. Mashine za uhasibu hutengwa na za wageni, na simu za mezani hutengwa na kamera za ulinzi. Utengano huo haufanywi kwa nyaya za ziada, bali kwa mitandao-pepe ya ndani, ambayo mafundi huiita kwa kifupi chake, VLAN.

Mtandao ukiwa na swichi mbili au tatu, kuandika orodha ya VLAN katika kila moja ni kazi ya dakika chache. Swichi zikifika ishirini au hamsini, kazi hiyo hugeuka mzigo, na kosa la tarakimu moja hutosha kuiacha idara nzima bila mawasiliano. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kikoa cha pamoja cha usimamizi, yaani kundi la swichi zinazotumia orodha moja, iliyoandikwa mahali pamoja na kusambazwa kwa zote.

Itifaki inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni VTP, mali ya kampuni ya Cisco ya Marekani. Kwa miaka mingi imefundishwa kwa mafundi wanaoanza kazi, na kwa muda huohuo imekuwa ikiogopwa na mafundi wazoefu. Sababu za kufundishwa kwake na sababu za kuogopwa kwake zinatokana na jambo moja: swichi za kikoa kimoja huaminiana.

VLAN ni nini?

Swichi ya kawaida hupokea fremu za data kupitia poti zake na kuzipeleka kwenye poti nyingine. Kompyuta moja inapotoa tangazo kwa wote, swichi hulisambaza katika kila poti. Mtandao ukikua, matangazo hayo huongezeka, na kila mashine hulazimika kuyasikiliza hata yasipoihusu.

VLAN huigawa swichi moja katika mitandao kadhaa isiyochanganyika. Tangazo lililotolewa katika VLAN ya uhasibu husikika ndani ya VLAN hiyo peke yake. Ili data ivuke kutoka VLAN moja hadi nyingine, ni lazima ipitie kwenye ruta au swichi yenye uwezo wa kazi ya ruta, mahali ambapo masharti ya usalama yanaweza kuwekwa.

Mwaka 1998, taasisi ya wahandisi ya IEEE ilichapisha kiwango cha 802.1Q, kinachoeleza namna ya kuitambulisha VLAN pale fremu inapovuka kutoka swichi moja hadi nyingine. Fremu huongezewa lebo ya baiti 4, na ndani ya lebo hiyo biti 12 hubeba namba ya VLAN. Biti 12 hutoa namba 4,096. Mbili kati yake, ya kwanza na ya mwisho, zimetengwa kwa matumizi maalumu, hivyo zinazobaki ni 4,094.

Kiungo kinachobeba fremu za VLAN nyingi kati ya swichi mbili huitwa kiungo-shina. Poti inayounganisha kompyuta ya mtumiaji kwa kawaida hubeba VLAN moja. Kiungo-shina hubeba zote zilizoruhusiwa. Ni kupitia viungo-shina hivyo ndipo VTP hupitisha habari zake.

Kikoa hufanyaje kazi?

Kikoa cha VTP hutambulishwa kwa jina. Jina hilo lisizidi herufi 32, na herufi kubwa huhesabiwa kuwa tofauti na ndogo: swichi yenye jina «Makao» na yenye jina «makao» hazimo katika kikoa kimoja. Swichi moja haiwezi kuwa katika vikoa viwili kwa wakati mmoja.

Swichi iliyo ndani ya kikoa hufanya kazi katika hali mojawapo kati ya tatu za msingi.

Hali ya kwanza ni seva. Katika hali hii fundi anaweza kuunda VLAN, kuibadili jina au kuifuta, na mabadiliko hayo hutangazwa kwa kikoa kizima.

Hali ya pili ni mteja. Swichi mteja hupokea orodha na kuitumia, lakini fundi hawezi kuunda wala kufuta VLAN akiwa kwenye swichi hiyo.

Hali ya tatu ni ya kupitisha tu. Swichi ya aina hii huwa na orodha yake yenyewe, haifuati matangazo ya wengine wala haitangazi yake, ila huyaacha matangazo yapite kwenda kwa swichi zilizo mbele yake. Vifaa vipya zaidi vina hali ya nne, ya kuizima VTP kabisa, ambapo hata kupitisha hakupo.

Seva hutuma muhtasari kila baada ya sekunde 300, yaani dakika 5, na pia mara tu mabadiliko yanapofanyika. Muhtasari huo hubeba jina la kikoa, namba ya marekebisho, anwani ya swichi iliyofanya mabadiliko ya mwisho na muhuri wa kihesabu wa kuhakiki uhalali wake. Yanapokuwapo mabadiliko, muhtasari hufuatwa na ujumbe wenye maelezo ya VLAN zenyewe.

Jambo moja huwachanganya wengi. VTP husambaza orodha ya VLAN, lakini haigawi poti. Kuamua kwamba poti ya 7 ni ya uhasibu na poti ya 8 ni ya wageni bado ni kazi ya fundi katika kila swichi. Vilevile, matangazo ya VTP hayavuki ruta: kikoa huishia pale viungo-shina vinapoishia.

Namba inayoamua nani aaminiwe

Swichi hujuaje kama orodha iliyoletwa ni mpya kuliko iliyo nayo? Jibu limo katika namba ya marekebisho. Kila mara VLAN inapoundwa, kufutwa au kubadilishwa jina katika seva, namba hiyo hupanda kwa moja. Swichi inapopokea tangazo lenye namba kubwa kuliko yake, hutupa orodha yake na kuichukua ile mpya. Tangazo likiwa na namba ndogo au iliyo sawa, huendelea na orodha yake.

Utaratibu huu ni rahisi, na katika siku za kawaida hufanya kazi bila dosari. Udhaifu wake ni kwamba namba kubwa huchukuliwa kuwa ushahidi wa ukweli, ilhali hueleza tu ni mara ngapi orodha imebadilishwa, bila kusema imebadilishwa na nani wala kwa nia gani.

Mfano unaweza kusaidia. Ofisi moja ina swichi thelathini katika kikoa kimoja. Orodha yake ina VLAN kumi na namba ya marekebisho ni 42. Katika chumba cha mafunzo cha ofisi hiyo kuna swichi ya majaribio, iliyowekewa jina lilelile la kikoa. Kwa miezi kadhaa wanafunzi wameunda na kufuta VLAN juu yake, na namba yake imefika 118. Sasa orodha yake ina VLAN mbili tu.

Siku swichi hiyo inapochomekwa kwenye mtandao mkuu kuziba pengo la swichi iliyoungua, nyingine zote husikia tangazo lenye namba 118. Kwa kuwa 118 ni kubwa kuliko 42, zote thelathini huitupa orodha ya VLAN kumi na kuichukua ile ya VLAN mbili. Poti zilizokuwa zimepangiwa VLAN zilizofutwa hazirudishwi kwenye VLAN nyingine, huzimika. Taa za swichi zinaweza kuendelea kuwaka na nyaya zikawa nzima, lakini mawasiliano hayapo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Katika matoleo ya kwanza mawili ya VTP, hatari hii haiishii kwa seva. Hata swichi iliyo katika hali ya mteja, ikiwa na namba kubwa zaidi, jina lilelile na nenosiri lilelile, inaweza kuwafutia wengine orodha. Wengi hudhani mteja hana uwezo wa kudhuru kwa sababu hawezi kuunda VLAN. Hawezi kuunda kweli, lakini anaweza kutangaza alichonacho.

Kwa nini kufuta usanidi hakutoshi

Fundi makini anaweza kusema kwamba husafisha kila swichi kabla ya kuiunganisha. Tatizo ni mahali habari zinapohifadhiwa. Katika swichi za Cisco, orodha ya VLAN na namba ya marekebisho hukaa katika faili la pekee, liitwalo «vlan.dat», ndani ya kumbukumbu ya kudumu. Kufuta usanidi wa kawaida na kuiwasha swichi upya hakuligusi faili hilo. Swichi huonekana tupu kama siku ilipotoka kiwandani, kumbe bado inakumbuka jina la kikoa chake cha zamani na namba yake.

Katika matoleo ya kwanza mawili kuna njia tatu zinazotumika kuirudisha namba hiyo kwenye sifuri. Ya kwanza ni kubadili jina la kikoa kuwa jingine lolote, kisha kulirejesha. Ya pili ni kuiweka swichi katika hali ya kupitisha tu, kisha kuirudisha katika hali iliyokusudiwa. Ya tatu ni kulifuta faili la «vlan.dat» lenyewe na kuiwasha swichi upya. Njia yoyote ifanyike kabla kebo haijachomekwa kwenye mtandao unaotumika.

Swichi isiyo na jina la kikoa nayo ina tabia yake. Katika matoleo ya kwanza mawili, swichi mpya huanza ikiwa seva isiyo na jina, na huchukua jina la kikoa cha kwanza inachokisikia kwenye kiungo-shina. Kwa hiyo ofisi inaweza kujikuta ina kikoa kinachofanya kazi bila mtu yeyote kuamua kwamba kiwepo.

Hatua za kusanidi kikoa salama

Kazi huanza kwenye karatasi. Ofisi huandika VLAN inazozihitaji, namba zake na majina yake, kisha huteua swichi zipi ziwe seva. Kwa kawaida mbili zinatosha, nazo ziwe zile za katikati ya mtandao, zinazolindwa na kuwa na umeme wa uhakika. Nyingine zote huwa wateja au za kupitisha tu.

Hatua inayofuata ni kuhakikisha kwamba swichi zote zinatumia toleo moja. Toleo la kwanza na la pili hayaelewani ndani ya kikoa kimoja. Kisha jina la kikoa huandikwa kwa mkono katika kila swichi, bila kuachia swichi ijifunze yenyewe, na nenosiri lilelile huwekwa kwa zote. Swichi isiyo na nenosiri sahihi hupuuzwa, hata ikiwa na jina sahihi na namba kubwa.

Viungo kati ya swichi navyo huwekwa kuwa viungo-shina kwa amri ya wazi. Vikiachwa vijadiliane vyenyewe, swichi zenye majina tofauti ya vikoa zinaweza kushindwa kuafikiana, na fundi akatafuta ubovu wa kebo ambao haupo. Poti za watumiaji huzuiwa zisigeuke kuwa viungo-shina, kwa kuwa kompyuta yoyote inayoweza kujifanya swichi inaweza pia kutuma matangazo.

Mwisho ni uhakiki. Amri ya «show vtp status» huonyesha jina la kikoa, hali ya swichi, idadi ya VLAN, namba ya marekebisho na anwani ya swichi iliyofanya badiliko la mwisho. Namba na idadi hizo zikilingana katika swichi zote za seva na mteja, kikoa kimetulia. Nakala ya orodha ya VLAN huhifadhiwa nje ya mtandao, kwani siku orodha ikifutika, njia ya haraka ya kurejesha huduma ni kuziunda upya VLAN zilezile kwa namba zilezile. Poti zilizozimika huamka zenyewe VLAN zao zinaporudi.

Toleo la tatu lilibadilisha nini?

Cisco ilijibu malalamiko ya miaka mingi kwa toleo la tatu. Katika toleo hilo, kuwa seva hakutoshi tena. Swichi moja tu hupewa hadhi ya seva kuu, na fundi hulazimika kuiomba hadhi hiyo kwa amri ya makusudi. Seva nyingine huhifadhi nakala ya orodha, lakini haziwezi kuibadilisha. Swichi inayochomekwa ghafla, hata ikiwa na namba kubwa, haina mamlaka ya kuwafutia wengine.

Toleo hilo pia huruhusu nenosiri kufichwa lisisomeke katika usanidi, na huruhusu VTP kuzimwa katika poti moja moja. Matoleo ya awali yalisambaza VLAN za namba 1 hadi 1005 pekee. Toleo la tatu hufikia 4094. Aidha, swichi haiwezi kuanza kulitumia kabla ya kupewa jina la kikoa, hivyo ule mwanya wa kujichukulia jina la jirani umezibwa.

Hata hivyo, toleo jipya halimlindi asiyelitumia. Vifaa vingi vya zamani bado huanza kazi na toleo la kwanza, na mtandao huendelea nalo hadi mtu aamue kulibadilisha.

Suala la usalama

Tishio halitokani na ajali tu. Mwezi Septemba 2006, Cisco ilitoa taarifa kuhusu kasoro za VTP zilizogunduliwa na watafiti wa usalama wa kundi la Phenoelit. Miongoni mwake ilikuwapo kasoro ya jina la VLAN lililo refu kupita kiasi, na nyingine iliyohusu namba ya marekebisho. Namba hiyo ina biti 32, na inapofikia kikomo chake, mfumo uliweza kuvurugika na mabadiliko mapya yakakosa kusambaa.

Ulinzi uliopendekezwa ulikuwa ule uleule wa msingi: kuweka nenosiri la kikoa, na kutoruhusu kiungo-shina kufika mahali pasipoaminika.

Funzo la Boston

Athari ya kuunganisha swichi nyingi mno katika mfumo mmoja ilionekana wazi mwezi Novemba 2002 katika hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani. Mtandao wake ulizidiwa na kuyumba kwa takriban siku nne, na madaktari na wauguzi wakarudi kwenye karatasi kuandika dawa, kuagiza vipimo na kupokea majibu.

Chanzo hakikuwa VTP. Kilikuwa ni itifaki nyingine ya swichi, inayozuia data isizunguke bila kikomo, ambayo ilishindwa kuhimili mtandao uliokuwa umepanuka kupita mipaka yake. Lakini somo linalingana. Swichi zinapoaminiana bila mipaka kati yake, hitilafu ya sehemu moja hugeuka hitilafu ya wote. Uongozi wa hospitali hiyo uliamua kulieleza tukio hilo hadharani, na tangu hapo limekuwa likitajwa katika mijadala ya wasanifu wa mitandao.

Njia mbadala

Kwa kuwa VTP ni mali ya kampuni moja, ofisi zenye swichi za watengenezaji mchanganyiko haziwezi kuitegemea. Kiwango cha wazi cha IEEE kilikuja kwanza na itifaki ya GVRP, kisha mwaka 2007 ikafuata MVRP. Hizi hufanya kazi kwa namna tofauti: badala ya seva kutangaza orodha, kila swichi hutangaza VLAN inazozihitaji, na majirani zake huzifungulia njia.

Wahandisi wengi wamechagua njia ya tatu, ambayo ni kuziweka swichi zote katika hali ya kupitisha tu na kuandika orodha kwa programu za kuendesha usanidi, kama vile Ansible, iliyoanza mwaka 2012. Programu hizo huandika orodha ileile katika swichi mia moja kwa mara moja, lakini huacha kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, na huruhusu mabadiliko kukaguliwa kabla ya kutumwa. Miongozo ya Cisco yenyewe kuhusu usanifu wa mitandao ya majengo imependekeza hali hiyo ya kupitisha tu.

Katika vituo vikubwa vya data, namba 4,094 zenyewe hazitoshi. Huko hutumika VXLAN, iliyochapishwa mwaka 2014, ambayo kitambulisho chake cha biti 24 hutoa zaidi ya mitandao-pepe milioni 16.

Hali katika Afrika Mashariki

Suala hili linagusa ukanda huu moja kwa moja. Tangu nyaya za baharini zilipoanza kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, taasisi nyingi zimepanua mitandao yao ya ndani. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti huunganishwa na mashirika yao ya pamoja: KENET nchini Kenya, TERNET nchini Tanzania na RENU nchini Uganda. Akademia za mitandao za Cisco, mpango ulioanza mwaka 1997, zimewafundisha vijana wa nchi hizo VLAN na VTP kwa vitendo.

Mambo mawili huongeza hatari katika mazingira kama haya. Moja ni swichi za mitumba. Ofisi yenye bajeti finyu hununua kifaa kilichotumika kwingine, nacho huja na kumbukumbu za kikoa chake cha zamani. Swichi ya namna hiyo ikiwa na jina la kawaida ambalo hata ofisi mpya inalitumia, na ikiwa hakuna nenosiri, masharti yote ya maafa yametimia. La pili ni swichi za mafunzo, ambazo hubadilishwa mamia ya mara na wanafunzi na baadaye kupelekwa kwenye mtandao halisi pale kifaa kinapoharibika.

Kwa taasisi inayotaka kujua imesimama wapi, hakuna gharama ya kuanzia. Amri moja ya kuonyesha hali ya VTP, ikiendeshwa katika kila swichi, hujibu maswali manne: kikoa kinaitwaje, swichi zipi ni seva, toleo linalotumika ni lipi, na namba ya marekebisho imefika ngapi. Kama nenosiri limewekwa huonekana kwa amri nyingine fupi. Swichi yoyote mpya, iwe ya dukani au ya mitumba, inapaswa kujibu maswali hayohayo ikiwa bado mezani, kabla haijafungwa kwenye kabati la nyaya.